Tortila za mahindi za Meksiko hapa Kisumu: chokaa ipi, kinu kipi, na pilipili gani?

Jikoni_Kondele (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo wa wanaokijua chakula cha Meksiko kwa undani. Nataka taco za tortila laini za mahindi, yaani vile vichapati vya mahindi vinavyokunjwa na kitoweo ndani, si zile za ganda gumu la pakiti. Unga wa ugali wa gredi ya kwanza haukubali. Ukikandwa kwa maji moto unashikana kidogo, lakini ukiubana kingo zinapasuka, na tortila ikitoka kwenye kikaango haikunjiki, inakatika. Naambiwa mahindi hupikwa kwanza na chokaa. Chokaa ipi, kiasi gani, na inapatikana wapi huku bila kuagiza Nairobi? Ile ya mifuko ya hadiwea inafaa? Na yakishaiva yanasagwa wapi, maana kinu cha posho hakipokei mahindi yenye maji.

La pili ni pilipili. Kila pishi linataka pilipili kavu za kule: ancho, guajillo, pasilla, chipotle. Sokoni Kibuye kuna pilipili kichaa, pilipili mbuzi na zile ndefu nyekundu, basi. Kuna njia ya kufika karibu na ladha yenyewe, au niachane nazo nipike vya Meksiko ambavyo vifaa vyake vyote viko huku? Nina jiko la makaa na gesi ya meko moja. Oveni sina.

---

Mahindi_Kwanza (Nakuru)

Ndugu, anza na mahindi, pilipili zitafuata. Ukipata mahindi sawasawa, hata maharagwe na chumvi ndani ya tortila ni chakula cha Meksiko. Ukiyakosa, hata ukiagiza pilipili zote za Oaxaca utakuwa na mchuzi mzuri juu ya kitu kingine.

Unga wa ugali umekobolewa kinuni, kisha ukasagwa mkavu. Wanga wake haujaguswa, na ganda limekwenda na wishwa. Mahindi yakichemshwa katika maji ya chokaa, ganda la punje hulainika na sehemu yake hugeuka utelezi unaonata, kalisi huingia ndani ya punje, na wanga huiva nusu. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoishika tortila ikunjike bila kukatika. Harufu ya tortila nayo hutoka hapo hapo. Punje zikishapita hatua hiyo huitwa nikstamali, na donge lake likisagwa huitwa masa. Kuna faida ya afya pia: niasini (vitamini B3) iliyofungwa ndani ya mahindi huachiliwa. Pelagra, ugonjwa wa kuikosa, uliwasumbua sana watu wa kaskazini mwa Italia na kusini mwa Marekani waliotegemea mahindi bila kuchukua na chokaa yake.

Chagua mahindi meupe yenye punje pana na kishimo juu, kama H614 inayolimwa Trans Nzoia. Punje ndogo ngumu zinazong'aa huiva polepole na masa yake huwa na mchanga mchanga. Usitumie kamwe mahindi ya pakiti ya kupandia. Ile rangi ni dawa. Kama yalihifadhiwa kwa dawa ya unga ya kuua dumuzi, yaoshe mara nne mpaka maji yawe safi. Chambua kila punje iliyooza, iliyovunjika au yenye ukungu. Na msiamini kwamba chokaa inamaliza sumukuvu. Hupunguza kiasi kinachoonekana kwenye kipimo, lakini sehemu yake inaweza kurudi hali yake ikikutana na asidi ya tumbo. Kinga ni kununua yaliyokauka vizuri, unyevu usiozidi asilimia 13.5, kutoka kwa mtu anayeyatandika juu ya turubai au mbao badala ya udongo.

Chokaa ya hadiwea, hapana. Kikemia ni ndugu wa ile ya chakula, lakini haikutengenezwa ili iliwe, na mfuko haukuambii kuna nini kingine ndani. Nenda kwenye maduka ya Wahindi yanayouza vifaa vya tambuu, uombe chokaa ya tambuu. Hiyo huliwa, na Kisumu na Nakuru zote ipo. Wauzaji wa viungo vya viwanda vya chakula nao huuza haidroksidi ya kalisi ya unga, ila uone imeandikwa kwamba ni ya chakula.

Vipimo kwa nusu gorogoro, yaani kilo moja ya mahindi makavu: maji lita 3, chokaa ya unga gramu 10, ambayo ni kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa. Ile ya tambuu huwa imeshalowana, kwa hiyo weka gramu 20 hadi 25.

Kabla ya kuwasha jiko, pima kama chokaa bado ina nguvu. Chokaa iliyoachwa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa kama chaki, haifanyi kazi tena. Koroga kidogo kwenye kikombe cha maji moto, tumbukiza punje tatu nyeupe. Zikigeuka manjano baada ya dakika chache, chokaa ni nzima. Zikibaki nyeupe, tafuta nyingine.

Sufuria isiwe ya alumini. Hapa wengi hukwama kwa sababu sufuria zetu karibu zote ni alumini. Maji ya chokaa huila alumini, sufuria huwa nyeusi, na ile alumini iliyoliwa huingia kwenye chakula. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli isiyobanduka, au chungu cha udongo.

Koroga chokaa ndani ya maji baridi, weka mahindi, pandisha moto taratibu. Maji yakianza kucheka, punguza. Yasitokote kwa fujo. Hesabu dakika 35 hadi 45 kuanzia hapo. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo sisi huongeza dakika kumi. Kisumu ongeza tano. Kila baada ya muda toa punje, isugue kwa vidole: ganda liteleze na kutoka. Ikate kwa meno: pembeni iwe imeiva, katikati kubaki na kidoa cheupe kikavu. Zima, funika, acha usiku kucha, kama saa mbili usiku mpaka asubuhi. Katika saa hizo ndipo maji na kalisi huingia mpaka katikati.

Asubuhi mwaga maji, sugua na suuza mara mbili. Usiyasugue mpaka yawe meupe kabisa. Acha ganda kidogo, maana utelezi wake ndio unaofunga masa. Anayesuuza mara sita hupata donge linalovunjika, halafu anailaumu chokaa.

Kusaga: kinu cha posho ni cha nyundo na chekecheke, punje mbichi huziba matundu, kwa hiyo wamekukatalia kwa haki. Unahitaji kinu cha mkono cha sahani mbili za chuma, kile cha kufunga pembeni mwa meza ambacho watu hutumia kwa njugu. Pitisha mara mbili, ya kwanza sahani zimelegea, ya pili umezikaza. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja, jumla vijiko vitatu au vinne tu. Jiwe la kusagia la nyumbani linafanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine yoyote, mwenye nguvu za mikono alitumie; Meksiko nao wana lao, metate. Mwenye mashine ya umeme ya njugu sokoni anaweza kukusagia akikubali, ila apitishe kwanza konzi mbili za mahindi makavu kuondoa mafuta, na usimlishe masa hiyo mtu mwenye mzio wa njugu. Blenda haifai kwa tortila. Haizunguki bila maji mengi, na masa ikishalowa hivyo haibaniki. Hiyo ipike uji wa atole.

Kilo moja kavu hutoa karibu kilo mbili za masa. Ikande na chumvi kidogo ukipenda, ifunike kwa kitambaa chenye maji ipumzike dakika 20. Finyanga kidonge cha gramu 30, kibonyeze kwa kidole: kingo zikipasuka, maji hayatoshi, kikinata mkononi, maji yamezidi. Kata mfuko wa mkate vipande viwili, weka kidonge katikati, bana kwa mbao mbili au chini ya sufuria nzito. Kifimbo cha chapati hakifai, maana kinavuta upande mmoja na kuichana.

Kikaango cha chapati, kikavu bila mafuta, kiwe moto wa kurusha tone la maji. Upande wa kwanza sekunde 15 hadi 20, mpaka kingo zijibandue. Geuza, acha karibu dakika moja, mpaka madoa ya kahawia. Geuza tena, bonyeza katikati kidogo kwa kitambaa, hapo inafura. Isipofura, ama kikaango hakijapata moto, ama masa imesagwa kubwa, ama nikstamali iliiva kupita kiasi. Zipange ndani ya kitambaa kwenye hotipoti na uzifunike dakika kumi. Usizihukumu kabla ya hapo, kwa sababu mvuke wao wenyewe ndio unaozilainisha.

---

Chungu_cha_Ingokho (Kakamega)

Mahindi_Kwanza amesema yote ya chokaa, naongeza ya majivu, kwa sababu huku Magharibi watu wana ujuzi huo na hawaoni kwamba unafaa hapa. Anayejua kuchuja musherekha, yale maji ya majivu ya kupikia mrenda, tayari anajua nusu ya kazi. Hata Meksiko ziko sehemu ambazo mahindi hupikwa kwa majivu hadi leo, hasa ya tamale, yale madonge ya masa yanayofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke, na ya pozole, ule mchuzi wa punje nzima.

Majivu yawe ya kuni ngumu zilizoungua mpaka zikawa nyeupe. Yasiwe ya takataka, wala ya mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala ya jiko lililowashwa kwa plastiki. Chekecha. Chemsha lita moja ya majivu katika lita nne za maji kwa dakika 20, acha yatulie, chota maji ya juu yaliyo safi tu. Yakiwa na utelezi kati ya vidole, yana nguvu ya kutosha. Osha mikono mara moja, maana utelezi huo ni ngozi yako inaliwa. Pika humo kilo ya mahindi kama kawaida, lakini dakika 60 hadi 90, na usuuze zaidi kuliko ya chokaa.

Tofauti lazima uijue. Maji ya majivu yana potasiamu kwa wingi na kalisi kidogo. Ganda litatoka vizuri, lakini masa yake haishikani kama ya chokaa. Kwa tortila nyembamba chukua chokaa. Kwa tamale na pozole, majivu yanatosha na ladha yake ni nzito, nzuri.

Kwa pozole usijaribu muthokoi ukidhani ni kitu kimoja. Muthokoi umetolewa ganda kwa kutwangwa, chokaa wala majivu havikuugusa. Utaiva, utakuwa mtamu, lakini harufu ya nikstamali haimo.

---

Jikoni_Kondele (Kisumu)

Asanteni sana, hii imefungua macho. Chokaa ya tambuu inayouzwa karibu na stendi ina rangi ya waridi na harufu ya manukato. Ndiyo hiyo? Na magadi je? Magadi yapo kila kona.

---

Mahindi_Kwanza (Nakuru)

Ya waridi iache, imetiwa rangi na manukato na vyote vitaingia kwenye mahindi. Omba nyeupe isiyo na kitu.

Magadi na baking soda, vyote viwili viache. Baking soda ni dhaifu mno, utachemsha nusu siku na ganda bado limeng'ang'ania. Magadi yana nguvu zaidi, ganda hulegea hatimaye, lakini ni sodiamu tupu, kalisi hakuna, na ukiongeza kiasi ili yafanye kazi unapata ladha ya sabuni isiyoondoka hata ukisuuza kutwa.

---

Pilipili_ya_Mpakani (Busia)

Kwenye pilipili nikuambie wazi: ancho na pasilla hazina mbadala wa kweli huku. Mtu akisafiri kutoka Marekani au Meksiko, mwagize pilipili kavu badala ya unga wa masa. Ni nyepesi, nusu kilo ya ancho na nusu ya guajillo hukupikia miezi, na zikiwa kavu kwenye kopo lililofungwa, gizani, hukaa karibu mwaka bila kupoteza ladha. Apate kwanza maelekezo ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwa sababu mazao ya mimea hukaguliwa mpakani. Kwa mbegu za kupanda ni lazima kibali.

Guajillo unaweza kuikaribia. Maduka ya viungo ya Wahindi huuza pilipili ya Kashmiri, kavu na nzima. Rangi yake ni nyekundu nzito na ukali wake ni mdogo, kazi ambayo guajillo hufanya kwenye mchuzi. Nunua nzima, usichukue ya unga. Zile ndefu nyekundu za Kibuye zikaushe mwenyewe zikae mahali pa chile de árbol, yaani ukali bila mwili. Pilipili kichaa haina nafasi hapa, inakata ulimi bila kuacha ladha.

Namna ya kuzitumia ina uzito kuliko jina lake. Toa kikonyo na mbegu, zifungue, zikaushe kwenye kikaango cha chapati sekunde 20 tu kila upande, mpaka zinukie na ngozi ivimbe kidogo. Ikigeuka nyeusi, itupe. Moja iliyoungua huharibu sufuria nzima kwa uchungu na hakuna sukari itakayoiokoa. Loweka kwa maji moto dakika 15, onja yale maji, na kama ni machungu yamwage usage kwa maji mapya. Saga na kitunguu saumu na nyanya zilizochomwa, chuja kwenye chujio, halafu ukaange huo mchuzi kwenye mafuta ya nguruwe yaliyopata moto, ukikoroga dakika nane hadi kumi mpaka rangi iwe nzito na mafuta yajitenge. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo sababu mchuzi wao una ladha ya pilipili mbichi.

Chipotle ni jalapeño iliyoiva ikawa nyekundu, kisha ikafukizwa moshi. Ukipata mbegu za jalapeño kwenye duka la pembejeo, unaweza kuitengeneza hapa hapa. Zifukize juu ya makaa ya mpera au mwembe, moto mdogo tu, moshi mwingi, kisha umalizie juani mpaka ziwe ngumu kama ngozi kavu. Kama unatumia tanuri, lisiwe lile la samaki, kwa sababu harufu ile haitoki kamwe.

Lakini swali lako la mwisho ndilo bora zaidi: pika vya Yucatán. Jimbo lile chakula chake kimesimama juu ya vitu ambavyo Kenya inavyo: pilipili ya jamii ya pilipili mbuzi, machungwa makali, majani ya migomba, nguruwe, na mbegu nyekundu za biksa, ambazo hulimwa kwetu Kwale na Lamu kwa wingi wa kuuzwa ng'ambo. Hapo hupiki kitu cha kukaribia, unapika chenyewe. Pishi linaitwa cochinita pibil.

Kwa kilo 2 za bega la nguruwe lenye mafuta: mbegu za biksa vijiko 4 vya mezani. Ni ngumu kama changarawe, kwa hiyo zichemshe dakika kumi, uziache humo usiku, ndipo uzisage. Saga pamoja na pilipili manga kijiko kidogo, bizari nyembamba nusu kijiko, karafuu 3, oregano kijiko kidogo, vitunguu saumu punje 8, chumvi kijiko cha mezani, na kikombe kimoja cha maji ya danzi. Danzi likikosekana, changanya maji ya machungwa sehemu mbili na ya ndimu sehemu moja. Vaa glavu, biksa hutia rangi mikono na mbao kwa siku kadhaa. Paka nyama iliyokatwa vipande vya ngumi, acha usiku kucha.

Pitisha majani ya mgomba juu ya moto mpaka yang'ae na kulainika, la sivyo yatachanika. Tandika ndani ya sufuria nzito yakizidi ukingo, panga nyama, mimina viungo vyote vilivyobaki, kunja majani juu. Ziba mfuniko kwa donge la unga wa ngano na maji, mvuke usitoke. Makaa kidogo chini, kidogo juu ya mfuniko, saa tatu bila kufungua. Hiyo hufanya kazi ya shimo la udongo wanalotumia kule, kwa hiyo oveni hukuihitaji. Nyama ikiguswa kwa uma inasambaratika. Ichambue ndani ya mchuzi wake.

Pembeni weka kitunguu chekundu kilichokatwa vyembamba, kikamwagiwa maji moto sekunde kumi, kikachujwa, kikatiwa maji ya danzi au ndimu, chumvi na pilipili mbuzi moja. Kisubiri saa moja kigeuke waridi. Usiweke jibini wala maziwa lala juu ya cochinita, hakuna anayeweka.

Mafuta ya nguruwe usiyatafute dukani. Bucha ya nguruwe hukuuzia shahamu kwa bei ndogo. Ikate vipande vidogo, weka na kikombe cha maji, moto mdogo saa moja na nusu, chuja. Hayo hayo ndiyo ya maharagwe ya kuponda. Chukua Mwitemania, ni jamii ile ile ya pinto wanayoipenda kaskazini mwa Meksiko. Njahi ni mmea mwingine, haukai mahali pa maharagwe meusi.

---

Ufuo_wa_Dunga (Kisumu)

Upande wa samaki, mbuta anafaa sana kwa taco za samaki. Mnofu ni mzito, haumeguki ovyo. Kata vidole vya sentimita mbili, chumvi, chovya kwenye rojo ya ngano na bia baridi kwa vipimo sawa, kaanga kwenye mafuta mengi dakika tatu. Kabeji mbichi nyembamba, ndimu, dania, mchuzi wa pilipili. Mapishi ya rasi ya Baja California hutumia samaki wa bahari, lakini kazi ya mnofu ni ile ile.

Omena msiidharau hapa. Watu wa Ziwa Pátzcuaro huko Michoacán hula samaki wadogo wa maji baridi waitwao charales, waliokaushwa na kukaangwa mpaka wakakakamaa, kwa ndimu na pilipili ndani ya tortila. Toa vichwa vya omena, osha kwa maji vuguvugu mara tatu kuondoa mchanga, kausha kabisa, kaanga kwa mafuta moto dakika mbili. Ikiwa na unyevu haikakamai, inachemka na kuwa laini.

Jambo moja msifanye: ceviche, yaani samaki mbichi wa kulowekwa kwenye ndimu, kwa samaki wa ziwani. Ndimu hugeuza mnofu kuwa mweupe ukadhani umeiva, lakini haiui vimelea wala bakteria wote. Ukitaka ladha ile, mpike ngege kwa mvuke dakika sita, mpoze, ndipo umtie ndimu, kitunguu, nyanya na dania. Si ceviche, lakini ni salama na ni tamu.

---

Jikoni_Kondele (Kisumu)

Asante ndugu wa Dunga, na wote. La mwisho: masa ikibaki nifanyeje, na salsa (mchuzi) ya kijani bila tomatillo, lile tunda la Meksiko linalofanana na nyanya ya kijani?

---

Mahindi_Kwanza (Nakuru)

Salsa ya kijani: nyanya mbichi za kijani kabisa, ngumu, nne au tano. Zichome na kitunguu na pilipili mbichi mbili mpaka ziwe na madoa meusi, saga na dania na maji ya ndimu moja. Tomatillo ina uchachu wake wa asili, nyanya ya kijani haina wa kutosha, kwa hiyo usiiache ndimu. Matunda ya nathi yana ganda la karatasi kama tomatillo na ni jamaa yake, lakini ni matamu, yatakuharibia. Ukija kupanda tomatillo, panda miche miwili au zaidi. Mmoja peke yake hutoa maua bila matunda.

Masa iliyobaki, kwa joto la Kisumu, haivuki mchana nje. Ikinuka uchachu, ni ya kutupa. Kwenye friji siku mbili. Afadhali uhifadhi punje zilizosuuzwa kabla ya kusaga, friji hukaa nazo siku nne, kisha unasaga kiasi cha siku hiyo.

Au geuza masaza kuwa tamale, ambazo hukubali masa iliyolegea au iliyosagwa kubwa. Kilo moja ya masa, gramu 300 za mafuta ya nguruwe, chumvi vijiko vidogo viwili, baking powder kijiko kidogo, mchuzi wa nyama vuguvugu kikombe kimoja hadi kimoja na nusu. Piga mafuta peke yake kwanza mpaka yawe meupe na mepesi, ndipo uongeze masa kidogo kidogo. Dondosha kipande kwenye glasi ya maji baridi: kikielea, funga, kikizama, endelea kupiga. Usipofika hapo tamale itakuwa jiwe. Maganda makavu ya mahindi yaloweke saa moja, au tumia majani ya mgomba. Panga wima, pika kwa mvuke saa moja na nusu, weka sarafu chini ya sufuria uisikie ikigonga, na ikiacha ongeza maji ya moto, si baridi. Tamale imeiva ganda likijibandua lenyewe bila kubeba masa.

Njia nyingine, na hii ndiyo ya mtu anayetaka kuuza: kausha nikstamali juani juu ya wavu siku mbili tatu, mpaka punje ivunjike kwa mlio. Hiyo kinu cha posho watakusagia, ni kavu. Omba chekecheke ndogo kabisa waliyo nayo, na gorogoro ya kwanza wapitishe mahindi yako mengine ili unga wa watu utoke kwenye mashine. Unga huo ukandwe kwa maji moto karibu uzito sawa, upumzike nusu saa. Hautashinda masa mbichi kwa harufu, lakini utakunjika, na kwenye kopo lililofungwa unakaa mwezi mzima.

---

Chungu_cha_Ingokho (Kakamega)

Kuhusu huo wa kukausha: musimu huu wa mvua za mchana usitegemee jua peke yake. Anza asubuhi mapema, tandaza punje zisipandane, na jioni uziingize ndani karibu na joto la jiko. Zikilala na unyevu usiku mmoja tu zinaanza kuvunda, na kuvu hiyo hutaiona mpaka imeshaingia.